Jumanne: Mwendo wa Anayeanza

Soma 1 Wafalme 18:46, 19:4–8.

Anayeanza mbio za asubuhi jijini Mwanza huamka kukiwa bado giza. Akifika mlima wa Bugando pumzi humkatika, wenzake wakampita. Siku ya tatu miguu inauma, naye haamki tena. Wengi huachia hapo. Afadhali angetembea kwanza, akakimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, na kesho yake akapumzika. Mwili huzoea polepole.

Eliya alikimbia mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Muda si mrefu alilala chini ya mretemu akiomba kufa. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Kwa nguvu za chakula hicho alikwenda mpaka Horebu.

Muumini mpya naye huchoka. Juma la kwanza husoma sura kumi kila alfajiri. Juma la tatu Biblia haifunguliwi, na kwa aibu hukwepa hata kanisa. Huyo anahitaji mkate kabla ya maonyo.

Jadilini: Ni nani katika kundi lenu amebaki nyuma? Mtampelekea nini kabla ya Sabato?