Injinia na Mianzi Yake



Nimeulizwa neno na ndugu mmoja wa Iringa, nami naona ni heri nilijibu mbele ya wasomaji wote, maana si lake peke yake. Yeye ni injinia wa barabara, mtu wa elimu, na jina lake limetajwa kwa ajili ya uchaguzi wa wazee wa kanisa. Lakini anayo mianzi aliyorithi kwa babaye huko Kilolo, naye hugema ulanzi na kuuza. Wengine wanena kwamba mtu hawezi kuwa na kazi mbili. Wengine wanena kwamba kazi mbili si kitu, bali pombe ndiyo shida. Naye auliza, Je, niiache mianzi?

Kwanza yatupasa kuyatenga maneno haya mawili, maana watu wameyafunga mzigo mmoja.

Mtume Paulo alishona hema huko Korintho, wala kuhubiri kwake hakukupungua. Nuhu alijenga safina yenye urefu wa mikono 300, upana 50, na kwenda juu 30, nayo ilikuwa kazi ya injinia hasa. Hata maji yalipokauka akapanda mizabibu. Maandiko hayamlaumu kwa kupanda. Aibu yake ilikuja alipokunywa mpaka akalala uchi hemani mwake. Na Martin Luther alifundisha kwamba wito wa fundi au mkulima si mdogo kuliko wito wa kasisi, maana kila kazi ya halali humtumikia jirani. Mkewe, Katharina von Bora, aliyeolewa naye mwaka 1525, alikuwa akipika pombe nyumbani mwao Wittenberg. (Najua wako wasiopenda nilitaje jambo hili katika gazeti la kanisa, lakini ni kweli.)

Basi kuhesabu kazi hakutusaidii. Tuulize ni jirani yupi atakayekosa huduma yake.

Wenyeji wa Iringa wajua jinsi ulanzi upatikanavyo. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha lingali changa, na mbeta hutungikwa hapo ili maji yake yadondoke ndani. Asubuhi na jioni mgema hurudi kukata tena kidogo, maana jeraha likikauka maji hukoma. Na wakati wake ni wakati wa mvua. Sasa, barabara nayo humwita injinia wakati gani? Ni wakati huo huo! Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1968 na 1973, hupanda mlima Kitonga kwa kona kali, na malori mazito hushuka humo usiku na mchana. Ndugu zetu wa Mbeya wanao mteremko wao wa Iwambi, nao wamezika watu wengi kwa ajili yake. Mvua inyeshapo, mifereji huziba na udongo huteleza. Kama kazi moja ingekuwa ya masika na nyingine ya kiangazi, nisingekuwa na la kuandika. Lakini zote mbili humwita siku moja, tena saa moja ya alfajiri, naye ana miguu miwili tu. Kumwajiri mgema kwapunguza shida, ikiwa amlipa ujira wa haki. Hata hivyo macho ya bwana shamba hubaki shambani, na wahenga wametuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sasa juu ya pombe yenyewe. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, nao huitwa togwa. Haumezwi na chachu ya mtu; vijidudu vya hewani na vya mbeta hufanya kazi hiyo, kama mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alivyoeleza habari za divai katika kitabu chake cha mwaka 1866. Ukikaa mpaka kesho, huwa mkangafu, wenye kulevya. Ndugu yetu ajitetea kwamba yeye huuza togwa tu, kabla ya adhuhuri. Nami namwamini. Lakini ajua vema kwamba mwenye kilabu hununua madumu ili ayaweke. Injinia hawezi kusema, Mimi nilijenga daraja, lori lililopita juu yake si shauri langu. Hupima kwanza uzito utakaopita. Kwa nini asipime hivyo hivyo na dumu lake? Karo ya watoto wa watu yaweza kuishia humo. Kwa hiyo namshauri awauzie wenye kunywa siku ile ile, hata kama faida itapungua, na siku ya zamu yake barabarani asionje hata kikombe.

Tena mvua ikimwita Kitonga, wala hana mtu wa kukata badala yake, aache chipukizi likue. Mwanzi usiogemwa haupotei. Huwa mti wa kujengea nyumba. Mfereji ulioziba mlimani haujizibui.

Nimemwandikia hayo. Hajajibu bado, na uchaguzi ni mwezi ujao.