Nani Apunguze Mwendo?

Ukipita Maisara baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limeshalegea na upepo wa bahari umeanza kuingia, utawaona watu wa kila umri wakiuzunguka uwanja kwa miguu. Wamo vijana wanaojiandaa kwa mpira. Wamo wenzetu wa vikundi vya mazoezi, vile ambavyo kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa wingi kuiadhimisha siku yao. Na wamo mabwana na wake zao, wakitembea wawili wawili. Hao wa mwisho ndio ninaotaka kuwazungumza. Aghalabu hawakuja kwa kupenda. Mmoja wao ameambiwa na daktari kuwa presha imepanda au sukari imezidi, na mwenzake amemfuata ili asiende peke yake. Watazame kwa muda mfupi tu. Mzunguko wa kwanza wako bega kwa bega. Mzunguko wa pili mmoja ametangulia hatua tatu. Mzunguko wa tatu hatua hizo zimekuwa kumi, na yule wa nyuma ama anahema akijitahidi kufika, ama amenuna.

Hapo huzuka swali linaloonekana dogo: nani apunguze mwendo, na nani auongeze? Mwenye haraka ya kujibu atasema kwamba mwenye nguvu amsubiri asiye na nguvu, na jambo limekwisha. Lakini halijakwisha. Mwenye nguvu akienda kila siku kwa mwendo wa mwenzake, moyo wake hautapata ile kazi iliyomtoa nyumbani. Asiye na nguvu naye akikimbizana na mwenzake ataumia goti, na wiki ijayo hatatoka tena. Na chini ya swali hili limelala jingine lililo kubwa zaidi: mtu aliyeoa au kuolewa, mwili wake ni wa nani?

Wako wasemao kwamba mwili ni wa mwenyewe, basi. Maumivu hayagawiki. Mke hawezi kuhema kwa niaba ya mumewe, wala mume hawezi kummezea mkewe dawa. Kwa hivyo kila mtu aachiwe mwili wake, ale atakacho, alale atakapo. Hoja hii ina nguvu, ila inasahau yanayotokea siku mwili huo unapoanguka. Mume akipatwa na kiharusi, nyumba nzima hupatwa. Yupo atakayemgeuza kitandani usiku, atakayemlisha, atakayemkosha, atakayeacha shughuli zake zote ili akae naye. Katika majumba yetu mtu huyo aghalabu huwa ni mke au binti, na mara chache sana huwa ni mume. Si kila maradhi huletwa na uzembe. Wako waliojitunza umri wao wote na bado wakapatwa. Lakini aliyekataa kujitunza kwa miaka thelathini kwa hoja kwamba mwili ni wake, hatimaye humwachia deni mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Wako pia wasemao kinyume chake: ndoa imeifanya miili miwili kuwa mali ya pamoja, hivyo kila mmoja ana haki ya kumwamrisha mwenzake. Kauli hii inapendeza masikioni, lakini ikiingia ndani ya nyumba hugeuka ukaguzi. Mume huhesabu vipande vya mkate wa kumimina alivyokula mkewe. Mke hunusa shati la mumewe kujua kama amepitia kwa muuza urojo. Mizani huwekwa chumbani, na kila asubuhi mmoja hupanda huku mwenzake akisoma, mfano wa karani na gunia la karafuu. Mapenzi yakifika hapo, mtu hujifunza kuficha. Anayekula kwa kujificha hula zaidi, na huingiwa na maradhi mawili: lile la mwili na lile la uwongo.

Tena wale wanaodai kuulinda mwili wa mwenzao mara nyingi hawasemi kweli juu ya wanachokitafuta. Zamani, kumwambia mtu kwamba amenenepa ilikuwa sifa. Maana yake anakula, anatunzwa, na moyo wake umetulia. Leo neno hilohilo hutamkwa kama shtaka. Bwana anayesema “mimi naijali afya yako, mke wangu” na huku kitambi chake mwenyewe kimetangulia mbele ya meza, si afya anayoizungumza, bali ni umbo. Na umbo si afya. Wako wembamba wenye presha, na wako wanene ambao hupanda ngazi za Michenzani hadi juu bila ya kupumzika. Madai ya umbo yakivishwa kanzu ya afya, anayedaiwa huitambua kanzu hiyo mapema, naye huyakataa yote mawili kwa pamoja.

Kwa maoni yangu, mwili ni amana, na aliyekabidhiwa amana hiyo ni mwenyewe. Mwenza wake si mmiliki wala askari, bali ni shahidi ambaye mambo yakiharibika yatamfika na yeye. Shahidi wa namna hii ana haki moja kubwa: kudai juhudi. Ana haki ya kumwambia mwenzake, “Nami nimo katika jambo hili, nakuomba ujaribu.” Hana haki ya kudai matokeo, kwa sababu matokeo hayamo katika mamlaka ya yeyote kati yao. Kilo zitapungua au hazitapungua, sukari itashuka au itagoma. Anayedai juhudi huweza kushukuru kila siku mwenzake anapofunga kamba za viatu. Anayedai matokeo hana siku ya kushukuru, maana mizani daima ina neno.

Na juhudi yenyewe kila mtu ana kipimo chake. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nikomako, alitoa mfano wa chakula cha mwanamieleka Milo: kiasi kilicho kidogo kwa Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Ndiyo maana, kwa mujibu wake, wastani wa mambo ya binadamu haupatikani kwa kugawanya kwa mbili. Hutazamwa mtu mwenyewe. Sisi leo tunapenda hesabu moja kwa wote. Tunaambizana kwamba lazima mtu atembee hatua 10,000 kwa siku, kana kwamba hesabu hiyo ilitoka maabara. Hesabu hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake, Manpo-kei, maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Ni hesabu nzuri kukumbuka, lakini si sheria ya kumhukumia mke.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate kwa wiki baina ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya nguvu ya wastani. Na wastani huo hutambulikanaje bila ya chombo? Waalimu wa mazoezi wana kipimo chepesi: mtu aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, anatembea pole mno; akishindwa kuzungumza, amejizidishia. Mara nyingi, basi, mwendo unaoufaa moyo na mwendo unaowafaa wawili kuzungumza ni mmoja. Wanaotangulizana hatua kumi bila ya kusemezana wamepoteza kitu, hata kama saa zao za mkononi zinawasifu.

Lakini mazoezi ya wawili yana jaribio jingine, nalo ni visa vyake. Mkanda wa ndara hukatika katikati ya njia. Buibui hunaswa na mnyororo wa baskeli. Suruali iliyohifadhiwa tangu siku za ujana huchanika mtu anapochuchumaa mara ya kwanza. Bwana aliyejigamba kwamba alikuwa winga wa skuli yake huteguka kifundo cha mguu kabla ya kufika kona. Visa hivi ni vidogo, na hapana ubaya kuvicheka. Ubaya uko katika nani anayecheka, wapi, na mbele ya nani. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hufungwa kitambaa, na siku ya tatu limepona. Neno alilolisema mume barazani juu ya mkewe alivyoanguka, wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, hilo hurudi nyumbani kabla yake, na hukaa. Kesho yake mke atasema ana kazi nyingi, hawezi kutoka. Kesho kutwa hali kadhalika. Mume atadhani ni uvivu. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Kuna riwaya iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, isimuliwayo na Bibi Aisha mwenyewe, kwamba akiwa safarini na Mtume walishindana mbio kwa miguu, naye akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na safari hii Mtume ndiye aliyetangulia; akamwambia kwamba ushindi huo ni malipo ya ule wa mwanzo. Riwaya hii hutajwa sana kwa kuonyesha upole wa nyumba ile, na ni kweli. Lakini yafaa tuyazingatie mambo mawili zaidi. Kwanza, aliyeshinda mara ya pili hakutoa waadhi juu ya unene. Alilolisema ni utani wa mtu aliyeyakumbuka mashindano ya kwanza na kukiri kwamba alishindwa. Pili, msimuliaji ni Bibi Aisha. Yeye ndiye aliyetuambia alivyoshinda, na yeye ndiye aliyetuambia kwamba alinenepa na akashindwa. Hapa naona kanuni ambayo ingewaokoa wengi: kisa ni mali ya aliyejikwaa. Yeye akikisimulia, cheka naye. Asipokisimulia, nawe huna kisa.

Limebaki jambo la haki ambalo wanaume hatupendi kulitaja. Ile saa ya alasiri si saa tupu kwa wote. Mume anapovaa viatu vyake, mkewe ana nazi ya kukuna, mtoto wa kukosha, na nguo za kuanua. Hapo hutokea hoja ya mzaha: “Wewe kazi zako za nyumbani ndiyo mazoezi yako.” Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Jerry Morris na wenzake, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1953, waliona kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Kazi, kweli, huujenga mwili. Lakini kondakta alilipwa mshahara, na kazi yake ilikuwa na saa ya kwisha. Anayemwambia mkewe kwamba kufua ni mazoezi, naye ajaribu kufanya mazoezi hayo kwa mwezi mmoja, amwachie mkewe Maisara. Mume anayetaka mkewe awe na afya hana budi kuanza kwa kumpa saa moja kila siku, na saa hiyo haipatikani ila yeye mwenyewe aingie jikoni.

Sasa turudi kwa wale wawili tuliowaacha uwanjani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nadhani hakuna wa kulaumiwa kwa kutangulia, wala kwa kuchelewa, kwa kuwa kila mmoja anakwenda kwa kipimo cha amana yake. Wala si lazima wafungane kamba miguuni kila siku. Wako waliolitatua jambo hili kwa njia nyepesi. Mwenye kasi hutangulia hadi mwisho wa njia, kisha hugeuka na kurudi hadi akutane na mwenzake, na kutoka hapo huenda pamoja, kwa mwendo wa kuzungumza, mpaka nyumbani. Wa mbele amepata jasho lake na wa nyuma hakudhalilishwa. Na hakuna aliyefika peke yake.

Ninachokiona katika njia hiyo ni kwamba haiwataki wawili wawe na nguvu sawa. Umri utazidi kuwatenganisha. Miili haichakai kwa zamu moja, na yule aliyetangulia leo huenda akawa wa nyuma mwakani, au akawa wa kusukumwa katika kigari. Ndoa inayotegemea miguu kulingana haitafika mbali. Inayotegemea mmoja kukumbuka kugeuka na kurudi inaweza kuihimili hata siku ile ambayo mmoja hatatembea tena.