Somo la Kusimama

Siku niliyowaambia watu wa nyumbani kwamba nimeacha chuo, mjomba wangu hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akasema, "Mwanaume ni kujikaza." Miaka imepita na maneno hayo bado yananifuata hadi kwenye matatu. Labda ndiyo maana napenda sana video za makomando. Wale wasee hawaachi kitu njiani.

Unakumbuka Januari 2019, magaidi waliposhambulia DusitD2 pale Riverside. Watu 21 waliuawa. Maafisa wetu waliingia kuokoa watu, lakini picha iliyovuma zaidi ni ya mzungu mmoja aliyevaa jinzi, uso umefunikwa, bunduki mkononi, akielekea kule ambako wengine walikuwa wakikimbia kutoka. Alikuwa askari wa SAS, kikosi maalum cha jeshi la Uingereza, na alikuwa hapa nchini kwa shughuli za mafunzo. Mimi nilijiuliza: mtu kama huyu hutengenezwa vipi?

SAS ilianzishwa 1941, wakati wa vita vya jangwani Afrika Kaskazini. Kazi yake ilikuwa kupenya nyuma ya adui na kulipua ndege zake zikiwa bado chini. Leo kikosi hicho huokoa mateka, hupeleleza, huwinda walengwa kimyakimya. Kazi hiyo haitaki umati. Inataka watu wachache wasiohitaji kusukumwa.

Kwa hivyo mchujo huanzia kwenye milima ya Wales. Unabeba mzigo mzito, bunduki, ramani na dira, unatembea peke yako. Hakuna sajini wa kukupigia kelele kama kwenye sinema. Hakuna anayekusifu, hakuna anayekutukana. Matembezi ya mwisho ni kama kilomita 64, na unatakiwa uyamalize ndani ya saa 20. Ukipita, unapelekwa msituni, na baadaye unahojiwa kana kwamba umetekwa na adui. Wakati wowote unaweza kusema basi, ukapanda lori, ukarudi ulikotoka. Wengi huishia hapo. Anayebaki ni yule aliyejifunza kuipuuza sauti ya ndani inayosema: acha.

Sasa, hiyo sauti ni ya nini?

Tarehe 13 Julai 2013, askari wa akiba walikuwa kwenye mchujo huo huo, karibu na mlima wa Pen y Fan. Jua lilikuwa kali. Wengine walikuwa wameshatolewa kwa sababu ya joto, lakini matembezi yakaendelea. Watatu walikufa. Afisa aliyechunguza vifo vyao alisema uzembe ulichangia. Walikuwa na vifaa vya kuonyesha walipo, lakini wao wenyewe walikuwa wamefika pale ili kuthibitisha kwamba hawaachi. Ukimfundisha mtu kwamba kusimama ni aibu, usimwachie yeye peke yake jukumu la kusimama.

Hapo aliyeumia ni askari mwenyewe. Kuna mahali wameumia wengine.

Australia ina kikosi chake kilichoundwa kwa mfano wa SAS ya Uingereza, hata kaulimbiu ni ile ile: anayethubutu hushinda. Novemba 2020 ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji Paul Brereton. Ilipata taarifa za kuaminika kwamba wanajeshi 25 wa vikosi maalum walihusika katika mauaji haramu ya watu 39 huko Afghanistan. Si watu waliouawa risasi zikirushwa huku na huku. Wengine walikuwa wafungwa tayari. Ripoti inaeleza jinsi askari wapya walivyoamriwa na wakubwa wao wa doria wampige mfungwa risasi, ili wapate kuua kwa mara ya kwanza.

Mfikirie huyo askari mpya. Amevuka milima, amevumilia kila kitu ili akubaliwe na wanaume hawa. Ndani yake kuna kitu kinasema acha. Lakini kwa miezi amefunzwa kwamba kitu hicho ni udhaifu.

Usinielewe vibaya. Siku ya Dusit nisingetaka mtu wa kusitasita mlangoni. Kuna "acha" ya woga na uchovu, na kuna "acha" ya dhamiri. Tatizo ni kwamba zote mbili hutokea kifuani mle mle, na ukizoea kuinyamazisha moja, ya pili nayo hufifia. Ndiyo maana siri ya vikosi hivi inanitisha. Mtu aliyefunzwa asisimame anahitaji watu wa nje wa kumsimamisha: makamanda, mahakama, sisi wenyewe kuuliza maswali badala ya kusambaza picha tu.

Na walikuwepo askari wa vikosi hivyo hivyo waliojitokeza kusema waliyoyaona, dhidi ya wenzao. Ujasiri huo haupimwi kwa kilomita.

Mimi sikuacha chuo kwa sababu ya dhamiri. Karo iliisha, hamu ikaisha, na sijui ipi ilitangulia. Siwezi kujifanya shujaa. Lakini nikikutana na mjomba tena, nitamuuliza swali ambalo siku ile sikuwa nalo: kujikaza kwa ajili ya nani, mjomba, na hadi wapi?