TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Homa imeondoka, mgonjwa bado anaumwa



Ndugu zangu waumini, Allah atutakabalie funga zetu.

Leo tumkumbuke mgonjwa tunayedhani keshapona. Alilazwa kwa korona, akawekewa oksijeni, akarudi nyumbani, tukasema Alhamdulillah. Miezi miwili baadaye usingizi hapati, analia ovyo, anaogopa watu, msikitini haonekani. Hapo maneno yanaanza: "Imani imeshuka." "Huyo ana jini." "Anajidekeza tu."

Tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya kuchunguza rekodi za wagonjwa wa korona zaidi ya 236,000, wengi wao wa Marekani. Ndani ya miezi sita, takriban mmoja kati ya watatu alikutwa na maradhi ya akili au ya ubongo na neva. Kwa waliofikia chumba cha mahututi, ilikaribia nusu. Wapo waliokuwa nayo tangu zamani, lakini idadi ilizidi ya waliougua mafua. Yaani virusi vinavyoshika kifua vinaweza kuacha alama hadi kichwani.

Na Nabii Yaaqub, alayhis salaam, alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni. Nani atathubutu kusema Yaaqub alikosa imani?

*Tufanye nini?*

▪️ Kisomo na dua tusiache. Lakini Mtume ﷺ ametuamrisha pia tujitibu. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari kwamba hali hii imekuja baada ya kuugua sana.

▪️ Dawa asiziache kwa sababu ya funga. Amuulize daktari kama zinaweza kunywewa wakati wa futari na daku. Ikishindikana, Allah amempa mgonjwa rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine. Kama maradhi ni ya kudumu, amuulize sheikh kuhusu fidia. Kuchukua rukhsa ya Mola wako si udhaifu.

▪️ Akianza kuzungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake. Mwahi hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni mpelekee futari mmoja wa hao. Usimuulize mbona haonekani. Kaa naye tu, mfuturu pamoja.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, miili yao na nyoyo zao, na utujaalie tuwe faraja kwao. Aamin.

Wallahu a'lam.