Nani Anahesabu Mabati ya Huruma?

Huruma bati halifi. Linaanza maisha kama paa, likitoboka linashushwa kuwa ukuta wa choo. Likioza pembeni linakatwa, na kipande kilicho kizima kinakuwa dirisha la kibanda cha mboga. Kinachobaki kinaishia kwa watu wa skrapu, wanaokipima kwa kilo kiende kuyeyushwa. Mbao ni vilevile. Msumari uliopinda unawekwa juu ya jiwe, unagongwa mpaka unanyooka. Mlango uliong'olewa kwenye jumba la zamani la Kileleshwa, lililovunjwa ili gorofa zipande, unauzwa kando ya barabara ukiwa bado na kitasa chake. Mtu anaununua kwanza, halafu ndio anajenga ukuta wa kuufuata.

Wasanifu majengo wa siku hizi wana jina la mambo haya: ujenzi wa mzunguko. Wanasema jengo tulitazame kama ghala la vifaa tulivyoazima kwa muda, tusilione kama kitu cha kutumia na kutupa. Funga kwa skrubu badala ya gundi, ili kesho mtu aweze kufungua. Ujue kila boriti ilitoka wapi na itaenda wapi. Ukisikiliza mhadhara wa namna hiyo, halafu upande matatu ya namba 46 hadi Huruma, unaweza kuuliza: kwani hawa watu wa mjengo wa mtaani walisomea wapi?

Hapo ndipo swali langu linaanzia. Mtu anayetumia bati mara nne kwa sababu hana pesa ya bati jipya, je, tumsifu kwa kutunza mazingira? Na kama hatumsifu, kwa nini tunampa cheti tajiri anayefanya jambo lilelile?

Kuna mfano ulio karibu. Anayefunga na anayeshinda njaa wote wana tumbo tupu. Ukiwapima mchana, mizani haitaona tofauti. Lakini hakuna anayemwambia mwenye njaa, hongera kwa swaumu yako. Kufunga ni kuacha ulicho nacho. Njaa ni kuachwa. Hewa, kusema kweli, haiulizi nia: gesi ambayo haikutoka, haikutoka, iwe kwa hiari au kwa ufukara. Ila sisi tunaoishi pamoja mjini lazima tuulize. Hesabu isiyotenganisha swaumu na njaa itaishia kutushawishi kwamba dawa ya joto la dunia ni watu wengi zaidi walale njaa.

Tuangalie kwanza hesabu yenyewe inafanywa vipi. Jengo lina deni la kaboni la aina mbili. Lipo la matumizi: taa, jiko, lifti, mashine za kupoza hewa. Na lipo lililofungwa ndani ya vifaa kabla mpangaji hajaingia: kuchimba, kuchoma, kusafirisha, kujenga. Katika hili la pili, simiti ndiyo mkosaji mkubwa. Simiti inatokana na mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye tanuru hadi nyuzi kama 1450, na sehemu kubwa ya uchafu wake haitoki hata kwa moto. Inatoka ndani ya jiwe. Ukichoma kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 zinapaa zikiwa kaboni dayoksidi, hata kama ungechoma kwa jua. Ndiyo maana simiti peke yake inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na majengo na ujenzi kwa jumla zaidi ya theluthi moja ya ile inayotokana na nishati na viwanda. Viwanda vyetu vya Athi River hupunguza kidogo kwa kuchanganya pozolana, majivu ya volkano ya zamani ambayo ardhi yetu inayo kwa wingi.

Mpimaji basi anajumlisha kila kitu, tangu timbo la mawe hadi siku ya kubomoa, na mara nyingi anachukulia kwamba jengo litaishi miaka 50 au 60. Kisha anagawanya kwa mita za mraba. Jibu likiwa dogo, jengo ni la kijani.

Linaonekana jambo la kihandisi tu. Lakini kugawanya kwa nini, na kwa miaka mingapi, ni uamuzi wa kimaadili uliovaa ovaroli ya hesabu.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la gorofa sita lilianguka hapa Huruma, karibu na mto. Lilikuwa la vyumba vya kupanga, chumba kimoja kimoja, familia kwa familia. Watu wapatao 50 walikufa. Siku kadhaa baadaye waokoaji walimtoa mtoto mchanga kwenye kifusi akiwa hai, na nchi nzima ikalia kwa furaha na hasira kwa pamoja. Serikali ilisema jengo hilo lilikuwa tayari limeorodheshwa libomolewe. Watu walikuwa bado ndani, wakilipa kodi.

Sasa tuachane na jengo lile, tuwaze jengo lolote la namna hiyo. Fundi yeyote anaijua: moja, mbili, nne. Karai moja la simiti, mawili ya mchanga, manne ya balasti. Landilodi mwenye haraka anataka simiti hiyohiyo ifike mbali zaidi, na vyuma vyembamba vitoshe. Kwenye karatasi ya mpimaji wa kaboni, slabu ya landilodi huyo inapendeza. Simiti kidogo, chuma kidogo, gesi kidogo kwa kila mita ya mraba. Jengo la muuaji linaweza kupata alama nzuri kuliko jengo la mtu mwadilifu.

Mpaka ugawanye kwa miaka. Tuseme jengo imara lingeishi miaka 60, na hili likaanguka baada ya 6. Hata kama lilitumia nusu ya simiti, kila mwaka wa makao umegharimu kaboni mara tano. Na wale waliobaki hai bado wanahitaji pa kulala, kwa hivyo kutajengwa tena. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa wanazungumzia kaboni, lakini hesabu yao inatosha: uimara ndio kanuni ya kwanza ya mazingira. Mtaani kwetu ufa huzibwa kwa rangi, mpangaji mpya asiuone.

Tugeukie kile cha kugawanya kwa mita za mraba. Chumba cha Huruma, kile cha futi kumi kwa kumi, ni kama mita 9.3 za mraba. Tuseme wanaishi watu wanne: kila mmoja ana mita 2.3. Upande wa pili wa mji kuna apatimenti ya mita 120, watu wawili, kila mmoja mita 60. Tuwe wakarimu, tuseme apatimenti hiyo imejengwa kitaalamu hadi kila mita yake ina nusu ya kaboni ya mita ya Huruma. Cheti kitakwenda kwenye apatimenti. Lakini ukihesabu kwa kichwa, mkazi wa apatimenti amebeba kaboni mara 13 ya mkazi wa keja. Anayechagua kugawanya kwa mita badala ya watu ameamua, bila kusema, kwamba kinachostahili kupimwa ni sakafu.

Msomaji anaweza kuniambia: haya, basi Huruma imeshinda, tuiache ilivyo. La. Huku ni kumsifu mwenye njaa. Mita 2.3 kwa mtu si ubunifu wa kijani. Ni mtoto anayefanyia homuweki kitandani kwa sababu hakuna mahali pengine, na jirani ambaye akikohoa unaamka wewe. Bati lililozunguka mara nne linachoma mchana na kuganda usiku. Na si kila kitu kinafaa kuzunguka. Karatasi za asbesto zisirudi kwenye paa la mtu yeyote. Chuma kilicholiwa na kutu kisirudi kwenye nguzo, hata kikipakwa rangi. Mzunguko usio na mtu wa kukagua ni njia ya kupeleka hatari chini, kutoka kwa mwenye pesa hadi kwa asiye nazo, na kuiita bei nafuu.

Kwa hivyo hatuchagui kati ya gorofa linaloua na bati lisilokufa. Hapahapa Huruma, katika kijiji cha Kambi Moto, palifanyika jambo la tatu. Wakazi waliojipanga kupitia Muungano wa Wanavijiji, wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakajadiliana na baraza la jiji la wakati huo kuhusu ardhi, na mnamo 2003 wakaanza kujenga. Ploti zao ni ndogo sana, kwa hivyo nyumba hushikana kuta na kupanda juu badala ya kutambaa. Kwa sakafu za juu walitumia vipande vya zege walivyofinyanga wenyewe, wakavipanga juu ya boriti, bila kuhitaji kumwaga slabu nzima kwa mpigo. Mwenye pesa kidogo alianza na chumba cha chini, akipata anaongeza.

Sisemi Kambi Moto ni peponi. Ninachokipenda ni mpangilio wa hatua. Walianza kwa kuhesabu watu. Vifaa vikafuata. Nyumba inayokua kwa hatua haibomolewi ili kupanuliwa, na ukuta wa kushirikiana ni ukuta mmoja badala ya miwili. Faida ya kaboni imekuja kama chenji, baada ya haki kulipwa.

Linganisha na Mei 2024. Baada ya mafuriko, tingatinga za serikali zilivunja nyumba kandokando ya Mto Mathare. Hoja ya usalama ilikuwepo, na mto una haki ya kupita. Lakini tazama kilichotokea kwa vifaa. Nyumba ya mbao na mabati ndiyo nyumba rahisi kuliko zote kufungua: mpe mtu nyundo na siku mbili, atatoa kila msumari, afunge mabati kwa waya, abebe makao yake kwa mkokoteni. Tingatinga linafanya kazi hiyo kwa dakika chache na kuacha takataka. Ndani ya dakika hizo, mzunguko wa miaka mingi unakatika. Hakuna mpimaji aliyesimama pale na kalamu. Kama serikali inaamini uchumi wa mzunguko, heshima ndogo kabisa inayoweza kuonyesha ni kumpa mkazi muda wa kufungua nyumba yake mwenyewe.

Katiba yetu ya 2010 imeziweka haki hizi mbili jirani. Ibara ya 42 inampa kila mtu mazingira safi. Ibara ya 43 inampa makao yanayofaa. Mara nyingi ya kwanza hutumwa kumfukuza mwenye ya pili. Na kilomita chache kutoka Huruma, pale Gigiri, yapo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika jengo lililozinduliwa 2011 lenye paa la sola. Ni jengo zuri, na takwimu za dunia kuhusu ujenzi hutoka kwa shirika hilo. Sina ugomvi nalo. Nasema tu kwamba mji mmoja unaweza kuwa na mizani bora duniani na bado usimpime mtu anayekaa ng'ambo ya Thika Road.

Ukionyeshwa nyumba ya kijani, iwe kwenye brosha au kwenye mpango wa serikali wa nyumba nafuu, uliza mambo ambayo brosha haina. Itasimama miaka mingapi, na nani amekagua? Watalala humo watu wangapi, na wanaolala humo leo wataenda wapi? Siku ya kuivunja ikifika, mlango wake utabebwa na nani?

Majibu yakikosekana, kile cheti kimepima jambo lingine.