Muulizeni Kwanza

Wanangu mnaofanya biashara Kariakoo na Posta, neno hili nimelisema hadi ulimi umechoka, na leo nalirudia. Mnalalamika kwamba ombaomba wamezidi mjini. Ni kweli. Gari likisimama kwenye taa za barabarani pale Fire, vioo vinagongwa; mteja akitoka dukani Msimbazi, anavutwa nguo. Mama mjamzito anashuka barabarani kwenye magari kwa kuwa pa kupita kwa miguu pamekaliwa. Hayo siyatetei. Kumshika mtu nguo si kuomba tena, ni kumbughudhi.

Lakini jitazameni mnavyowajibu. Huyu anadondosha shilingi mia bila kumwangalia mtu usoni. Yule anataka mgambo waje na gari lao. Nyote wawili mnatafuta jambo moja tu, aondoke mbele ya macho yenu.

Kuwaondoa tumekwisha kujaribu. Mwaka 1983, wakati wa Operesheni Nguvu Kazi, watu wasio na kazi ya kutambulika walikamatwa humu mjini wakarudishwa vijijini. Wengi walirejea, kwa sababu shida iliyowatoa kwao waliikuta palepale walipoiacha. Na Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, zinazomfanya mtu mkosaji kwa hali yake, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki hizo.

Linaloniumiza zaidi ni watoto. Shule ya msingi ya serikali haina ada, ila saa nne asubuhi mtoto wa miaka minane yuko kwenye taa, ameshika fimbo inayomwongoza babu asiyeona, au amekaa peke yake na kopo huku mtu mzima akimchungulia kutoka kivulini ng'ambo. Wanangu, mkimpa mtoto yule sarafu mnamwajiri, na kesho ataletwa mapema zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Ofisi ya mtaa haiko mbali na maduka yenu. Nani kati yenu amewahi kuingia kwa ajili hiyo?

Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alijiwa na Ansari, mwenyeji wa Madina, aliyekuja kuomba. Alimuuliza kwanza: nyumbani una nini? Kikaletwa kitambaa na chombo cha kunywea, akavinadi kwa dirham 2. Moja ikawa chakula cha nyumbani, nyingine ikanunua shoka, na mpini Mtume akautia kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya siku 15 yule mtu alikuwa amepata dirham 10 kwa kuni. Yote hayo yalianza na swali.

Basi ulizeni. Anayeweza kupika, changeni mumpe sufuria na mkaa wa kuanzia. Anayeona haya kurudi kwao mikono mitupu, mkatieni tiketi ya basi, mzungumze na mwenyekiti wa kijiji chake ajue anakuja. Na wazee wasioona, na walioachwa na ukoma bila vidole, msiwapange foleni juani kila Ijumaa mbele ya maduka. Fahamuni wanakolala, muwapelekee haki yao hukohuko.