Umbali wa shule si kosa la mtoto

KUNA kauli ambayo sisi wazazi wa rika langu tumeirithi kwa wakubwa zetu, na sasa tunawarushia watoto wetu: "Sisi tulitembea peku, na leo tumekuwa watu." Husikika barazani, husikika kwenye vikao vya wazazi, na nimeisikia hata katika mawaidha msikitini. Mtoto akilalamika kuwa shule ni mbali, jibu ni hilo. Ndugu msomaji, hebu tuitazame vizuri, maana ndani yake mna dai zito: kwamba taabu ya njia ndiyo iliyotulea, na kwamba kumpunguzia mtoto taabu hiyo ni kumdekeza.

Mimi ni katika hao waliotembea. Nilisoma shule ya msingi hapa Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikitokea pembezoni mwa mji upande wa Nkuhungu. Mwezi wa Juni na Julai jua huku kwetu huchomoza karibu saa moja kasorobo, na shule ilianza saa moja. Kwa mwenye mwendo wa saa nzima, maana yake ni kutoka gizani, mara tu baada ya swala ya Alfajiri, upepo wa baridi ukikupiga usoni na dumu la maji mkononi, kwani shule haikuwa na bomba. Mbigiri zilipenya ndala. Jioni vumbi lilitufanya sote tufanane rangi. Zikija mvua za Desemba, korongo lililokuwa kavu miezi saba liligeuka mto ndani ya nusu saa, nasi tukakaa ng'ambo ya pili tukisubiri maji yapungue, tukijua kabisa nani anatungojea getini.

Getini alikuwapo mwalimu wa zamu na fimbo yake.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Mwenzetu ambaye nyumba yao ilipakana na uwanja wa shule aliamka saa kumi na mbili na nusu, akanywa chai, akaingia kabla ya kengele. Huyo akaitwa mtoto mwenye nidhamu. Sisi tulioamka saa kumi na moja tukaitwa wachelewaji. Nani hapo alijitahidi zaidi? Fimbo ile haikuadhibu uvivu. Iliadhibu mahali ambapo baba alimudu kupata kiwanja.

Linganisha na mizani ya dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bani Salima, ambao nyumba zao zilikuwa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.), walitaka kuhamia karibu baada ya kupatikana nafasi. Mtume (s.a.w.) akawaambia wabakie makwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Kwa maana hiyo, umbali uliokuwa kosa kwenye daftari la mwalimu wa zamu, kule unaandikwa kuwa jema.

Atadakia mtu: "Si umeona mwenyewe? Taabu ina malipo, waache watembee!" Nimeijibu hoja hii mara nyingi. Bani Salima walikuwa watu wazima, na wao ndio waliochagua kuja. Mtoto wa miaka saba hakuchagua kitu. Kisha, malipo ya mwenye kutaabika si ruhusa kwa mwingine kumtaabisha. Mgonjwa anayesubiri hulipwa, lakini hatuwaambii waganga wafiche dawa. Na ipo hadithi nyingine ya kutembea, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo watoa mawaidha hawaipendi sana. Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikongojea baina ya wanawe wawili. Akauliza ana nini, akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema kwamba Allah hana haja na mtu huyu kujitesa nafsi yake, akaamrisha apande mnyama. Mzee yule alijitakia mwenyewe, tena kwa ibada, na bado akaambiwa apande.

Halafu tuulize: ni nani anayesema "tumekuwa watu"? Ni yule aliyefika. Tuliokuwa tukitoka pamoja upande wetu tulikuwa saba. Tuliomaliza darasa la saba ni wanne. Wale watatu hawaalikwi kutoa nasaha kwenye mahafali, wala hawaandiki makala gazetini. Tukisema njia ilitukomaza, tunahesabu waliovuka korongo tu.

Ni kweli mengi yamefanyika. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, shule za sekondari za kata zikaenea kuanzia 2004, na Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Lakini umbali nao ni ada, na huo haukufutwa. Dodoma ilitangazwa jiji mwaka 2018, watu tumejenga Nala, Nzuguni na Ihumwa, na wapo watoto wengi wanaofuata shule mjini. Kituoni konda anawatazama kama hasara, kwa sababu nauli yao ni ndogo. "Mwanafunzi mmoja tu!" Wengine wanabaki. Msichana anayebaki kituoni kila siku, siku moja atasimamishiwa pikipiki na mtu mwenye maneno matamu. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni, na hilo ni jema. Ila wangapi wasingehitaji ruhusa hiyo kama wangepata kiti cha daladala?

Mtume (s.a.w.) aliwakataza maswahaba kukaa njiani ila kwa kuipa njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Sisi tunakaa sana njiani: dukani, kijiweni, nje ya msikiti. Wazazi wa mtaa mmoja hawashindwi kupeana zamu ya kuwasindikiza wadogo alfajiri, maana wengi wao tayari wako macho kwa swala. Wenye uwezo wanaoweka wakfu wa visima wanaweza kuweka wakfu wa basi dogo au bweni la wasichana. Silingani na wanaosema kila mwenye gari ampakie mtoto yeyote. Mtoto kuzoea gari la asiyemjua ni hatari nyingine.

Nasi walimu tuanze na fimbo. Katika shule ninayofundisha, daftari la wachelewaji sasa lina safu moja zaidi: mtoto anakaa wapi. Wiki ya kwanza tulipolifungua, zaidi ya nusu ya majina yalitoka upande mmoja wa mji, ambako daladala ya kwanza hupita saa moja.